Ajenda na Kumbukumbu: Kazi ya Katibu Huanza Kabla ya Kikao

Katika ofisi za Mombasa zinazoshughulika na kutoa mizigo bandarini, kikao cha Jumatatu asubuhi ni desturi ambayo hakuna anayeihoji. Watu wanane huketi kuizunguka meza, chai huletwa, mkuu wa ofisi hueleza jinsi wiki ilivyokwenda, kila mmoja hutoa ripoti yake, na baada ya saa moja wote huinuka na kurejea kwenye simu zao. Saa moja ya watu wanane ni saa nane, yaani siku nzima ya kazi ya mtu mmoja, na ukiuliza siku hiyo imezaa nini, mara nyingi utaambiwa kwamba watu wamepashana habari ambazo wangeweza kuzisoma kwenye WhatsApp wakiwa bado njiani. Nimekuwa katibu wa vikao vya namna hii kwa miaka mingi, ofisini na pia katika kikundi cha ustawi cha mtaani kwetu Changamwe, na nina msimamo ambao nautetea kila ninapopata nafasi: ajenda na kumbukumbu ni hati moja inayoandikwa mara mbili, na katibu anayeingia kikaoni bila rasimu ya kumbukumbu mkononi hajaandaa ajenda, ameandaa orodha ya vichwa tu.

Itazame ajenda ya kawaida. Kipengele cha kwanza ni sala, cha pili ni kusomwa kwa kumbukumbu za kikao kilichopita, cha tatu ni yatokanayo, kisha huja "Usafiri", "Wateja", "Malipo" na mwishoni "Mengineyo". Mjumbe anayeipokea orodha hii Ijumaa jioni hana cha kujiandalia. Neno "Usafiri" halimwambii kama anatakiwa aje na takwimu, aje na maoni, au aje kusikiliza tu, na kwa hiyo huja mikono mitupu kisha huzungumza lile linalomjia kichwani wakati huo. Kipengele hichohicho kikiandikwa kwa njia ya swali, mambo hubadilika: "Je, mizigo ya wateja wetu wa Nairobi iendelee kupakiwa kwenye malori peke yake, au sehemu yake ihamishiwe kwenye treni ya SGR hadi Embakasi?" Hapo kila mmoja anajua analodaiwa. Msimamizi wa usafiri atakuja na bei ya lori na bei ya treni, na atakumbuka kuongeza gharama ya lori la kuutoa mzigo Embakasi hadi ghala la mteja, pamoja na gharama ya kulirudisha kontena tupu. Afisa wa wateja atakuja akijua ni mteja yupi anayejali bei na yupi anayejali siku. Mhasibu atakuja akijua ni nani hulipwa kabla na nani hulipwa baada ya kazi. Mjadala ambao ungemeza nusu saa ya "mimi naona" humalizika kwa dakika kumi na tano, kwa sababu tofauti iliyobaki ni ya hesabu.

Si kila kipengele kinahitaji uamuzi, na hilo lazima lionekane kwenye karatasi yenyewe. Mimi huandika mbele ya kila kipengele kama ni cha taarifa, cha mashauriano au cha uamuzi, nikataja atakayekiwasilisha na dakika zilizotengwa. Vipengele vya taarifa huviondoa kabisa kila inapowezekana na kuvituma kwa maandishi pamoja na ajenda, kwani taarifa iliyoandikwa husomwa kwa dakika mbili na iliyosomwa kwa sauti huchukua kumi. Wapo wanaolalamika kwamba kutoa ripoti kwa mdomo humpa kila mtu nafasi ya kuonekana, na sikatai kwamba binadamu huhitaji kuonekana. Lakini kuna heshima kubwa zaidi katika kuulizwa swali juu ya kazi yako na watu walioisoma ripoti yako kuliko kuisoma mwenyewe huku wenzako wakichungulia simu chini ya meza.

Sasa nije kwenye rasimu. Ajenda ikishakuwa maswali, kumbukumbu karibu zimeshajiandika. Siku moja kabla ya kikao mimi hufungua faili, nikaandika tarehe, mahali, na nafasi za waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru na waalikwa, kama tulivyofundishwa shuleni, halafu chini ya kila swali nikaandika sentensi yenye mapengo: kikao kiliamua kwamba nini, nani atafanya, na kufikia lini. Ikiwa siwezi kuiandika sentensi hiyo hata ikiwa na mapengo, huwa nimegundua kwamba kipengele hakijaiva, na hapo humpigia simu aliyekipendekeza. "Hili la sare za madereva unataka kikao kiamue nini hasa?" Mara nyingine hujibu vizuri na swali likaandikwa upya. Mara nyingine hunyamaza kidogo, akasema kwamba kwa kweli alitaka tu kumkumbusha mhasibu, na jambo likaishia hapo bila watu saba wengine kuitwa mezani kwa ajili yake. Simu hizi chache za siku ya kabla ya kikao, ambazo hakuna anayeziona na hakuna anayezishukuru, huokoa muda mwingi kuliko ukali wowote wa mwenyekiti.

Mpangilio nao una uzito wake. Desturi hutaka kikao kianze na kumbukumbu zilizopita pamoja na yatokanayo, na hapo ndipo vikao vingi huzama, maana kila jambo la zamani hufufuliwa na kujadiliwa tangu mwanzo wake. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni jedwali la nusu ukurasa linalotumwa pamoja na ajenda, lenye kila azimio la kikao kilichopita, jina la mhusika, tarehe, na hali yake: limetekelezwa, linaendelea, au limekwama. Mwenyekiti huuliza juu ya yaliyokwama peke yake. Yaliyotekelezwa hayatajwi, isipokuwa pale mtu anapostahili pongezi, na pongezi isicheleweshwe. Baada ya hapo kipengele kizito kuliko vyote hufuata mara moja, watu wakiwa bado na nguvu, wala kisiachwe hadi dakika za mwisho ambapo nusu ya wajumbe wanafikiria meli iliyotia nanga na nusu nyingine wanafikiria chakula cha mchana.

Kuhusu mengineyo, mimi huyauliza mwanzoni. Mwenyekiti akishafungua kikao huuliza kama yupo mwenye jambo lisilokuwa kwenye ajenda, nami huyaandika. Lile linaloweza kuamuliwa kwa dakika tatu hupewa dakika zake tatu mwishoni, na lile linalohitaji takwimu au kumhitaji mtu asiyekuwepo hupelekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho likiwa na jina la aliyelileta. Kipengele cha mengineyo kilichoachwa wazi hadi mwisho ndicho mlango ambao maamuzi mabaya hupitia: watu wamechoka, wengine wameshaondoka, mtu analeta pendekezo la fedha, wote wanaitikia ili waende zao, na Jumatatu ijayo hakuna anayekubali kwamba aliitikia.

Hapo pana suala la akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili uamuzi uwe halali, ambalo vikundi vidogo hulidharau. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 121, inaweka akidi ya Bunge la Taifa kuwa wabunge 50 na ya Seneti kuwa wajumbe 15, na iwapo taasisi kubwa kiasi hicho imeona ni lazima itaje idadi, sioni kwa nini kikundi cha watu ishirini au ofisi ya watu wanane isitaje yake. Tukikubaliana kwamba uamuzi wa fedha unahitaji watu sita, basi katibu huhesabu vichwa wakati uamuzi unapofanywa, kwa sababu aliyekuwepo wakati wa sala anaweza kuwa ameitwa bandarini kabla ya swali la fedha kufika.

Saa ya kuanza iheshimiwe, na ili iheshimiwe lazima kwanza ichaguliwe kwa busara. Katika mji huu, kuitisha kikao Ijumaa saa sita mchana ni kuwalazimisha baadhi ya wajumbe wachague kati ya kazi na swala, na katika mwezi wa Ramadhani kikao cha alasiri huwakuta waliofunga wakiwa wamechoka; asubuhi ni bora kwa wote. Anayevuka Likoni kwa feri anajua kwamba siku yenye foleni haina adabu, kwa hiyo kikao cha saa mbili kamili kwa mtu wa Mtongwe ni sharti la kuamka na giza, ilhali cha saa tatu anakiwahi bila kuhangaika. Ilani nayo iandikwe bila utata: "saa tatu asubuhi", kwa maneno, kwani nimeshaona ujumbe ulioandikwa "saa 9" ukawaleta wengine asubuhi na wengine alasiri. Saa ikishachaguliwa kwa haki, basi kikao kianze kwa wakati na waliopo, wala aliyechelewa asisimuliwe yaliyopita, kwani kumsimulia ni kuwaadhibu waliowahi. Atayasoma kwenye kumbukumbu.

Jambo ambalo huwa silioni likizungumzwa vya kutosha ni umri na heshima mezani. Sisi tumelelewa kutomkata mkubwa kauli, na malezi hayo ni mazuri, siombi yaondolewe. Lakini katika kikao cha kazi yana matokeo yake: mkuu wa ofisi akisema kwanza, "Mimi naona tutumie malori tu," basi kijana wa forodha aliyeshinda wiki nzima getini, ambaye anajua ni siku ngapi malori yamesubiri, hatafungua kinywa. Atasema "Sawa, Mzee," na ukweli utatoka naye nje. Suluhisho langu ni la kiutaratibu na halimvunjii mtu heshima. Ajenda humtaja mwasilishaji kwa jina na kumpa dakika zake kabla ya wengine, na mara nyingi huyo ndiye kijana mwenyewe. Mwenyekiti hukubali mapema kwamba atatoa maoni yake mwishoni. Kijana anaposema kwa sababu karatasi imemtaka aseme, hakuna anayemwona kuwa amevuka mpaka, na mkubwa anayesema mwisho huwa amesikia yote, hivyo neno lake hupata uzito zaidi. Nimemwona mwenyekiti mmoja, mtu mzima aliyezoea kuongoza kwa sauti, akibadili uamuzi aliokuja nao kwa sababu alimwachia mpakiaji aeleze kwanza jinsi kontena zinavyopangwa uwanjani. Hakupoteza heshima hata chembe. Wiki iliyofuata watu walikuja na takwimu zaidi kwa sababu walijua zitasikilizwa.

Sasa kumbukumbu zenyewe. Katibu anayeanza hudhani kazi yake ni kuandika kila kilichosemwa, akajaza kurasa sita za "Bwana fulani alisema, Bi fulani akajibu". Bunge lina taarifa rasmi ya namna hiyo kwa sababu lina wajibu wa kuonyesha umma nani alisema nini. Kikao cha timu hakina wajibu huo. Kinachotakiwa ni kile ambacho mtu asiyekuwepo akikisoma baada ya mwezi ataelewa: suala lilikuwa nini, ni sababu zipi kuu zilizopimwa, kiliamuliwa nini, nani atafanya na lini. Mabishano yasiandikwe, lakini mjumbe akitaka pingamizi lake liingie kwenye kumbukumbu, liandikwe kwa maneno yake, kwa kuwa hiyo ni haki yake.

Adui mkubwa hapa ni sentensi isiyo na mtendaji. Chukua mfano huu, ambao umbo lake utalikuta katika majalada ya ofisi yoyote: "Suala la kontena la vigae lilijadiliwa kwa kina na ikakubaliwa kwamba lifuatiliwe haraka iwezekanavyo." Ni sentensi nzuri masikioni, na haimtumi mtu yeyote popote. Lifuatiliwe na nani? Haraka ni leo au ni wiki hii? Wakati watu wanane wakiamini kwamba mwingine analifuatilia, muda wa bure bandarini unakwisha, bandari inaanza kutoza ada ya kuhifadhi mzigo kwa kila siku, na kampuni ya meli inatoza kivyake kwa kucheleweshewa kontena lake. Mimi ningeliandika hivi:

"Kumbukumbu ya 3: Kontena la vigae. Kikao kiliarifiwa kwamba ushuru umelipwa na kinachosubiriwa ni ukaguzi. Kiliamua kwamba msimamizi wa forodha apate tarehe ya ukaguzi kabla ya saa sita mchana Jumanne, na asipoipata amjulishe mkuu wa ofisi saa hiyohiyo, ambaye atakwenda mwenyewe Jumatano asubuhi. Afisa wa wateja atampigia mteja simu leo."

Maneno yameongezeka kidogo, na kila tendo lina mwenyewe. Zingatia pia kwamba mhusika ni mmoja kwa kila tendo. Azimio likipewa "idara ya usafiri na idara ya forodha kwa pamoja" halijapewa mtu. Anaweza kusaidiwa na kumi, lakini jina linaloulizwa kikao kijacho liwe moja.

Wapo wanaoona uangalifu huu ni wa makampuni makubwa. Ni kweli kwamba Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zihifadhi kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi, lakini wanaoumia zaidi kwa kumbukumbu mbovu ni vikundi vidogo. Kikundi chetu cha ustawi kiliwahi kumchagua mweka hazina mpya, na mtu aliyeshika nafasi ya katibu siku hiyo akaandika kwamba "viongozi wapya walichaguliwa kwa kauli moja". Tulipokwenda benki kubadilisha watia sahihi wa akaunti, tuliombwa kumbukumbu, na afisa aliyezisoma akazirudisha: hazikutaja majina, hazikutaja nambari za vitambulisho, hazikutaja nani alipendekeza na nani aliunga mkono, wala hazikusema watia sahihi wa zamani wameondolewa. Alikuwa na haki kabisa. Ilibidi wanachama waitwe upya, na wakati huo mama mmoja aliyekuwa amefiwa alikuwa akisubiri fedha za mazishi ambazo zilikuwa zake kwa mujibu wa katiba ya kikundi, nazo zikiwa benki bila mtu mwenye mamlaka ya kuzitoa. Tulichangishana mifukoni. Tangu hapo kikundi hakibishani nami ninapochukua dakika mbili kuuliza jina kamili la aliyeunga mkono.

Kuna hatua moja ambayo naiona kuwa muhimu kuliko zote, nayo huchukua dakika tatu. Kabla mwenyekiti hajafunga kikao, katibu husoma kwa sauti maazimio yote, jina na tarehe, moja baada ya jingine, na kila aliyetajwa hujibu. Hapo ndipo hutokea yale ambayo yangetokea kwa uchungu baadaye: "Jumanne sitakuwepo, niko Malindi," au "Mimi nilielewa ni bei ya malori tu, si ya treni." Yote hurekebishwa papo hapo, watu wakiwa wameketi. Kwa kuwa rasimu ilikuwepo tangu jana na mapengo yamejazwa wakati wa mjadala, kumbukumbu hutumwa siku hiyohiyo. Kumbukumbu zinazotumwa baada ya wiki mbili, usiku wa kuamkia kikao kijacho, huwa zimekwisha kazi; maazimio yake ama yametekelezwa bila kuzihitaji ama yamesahauliwa.

Nizungumzie lugha kidogo, kwa sababu linaniuma. Vikao vingi vya Mombasa huendeshwa kwa Kiswahili tangu sala hadi kufungwa, kisha kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba kikao kilifanyika mahali pengine. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, kwa hiyo hoja ya urasmi haina mashiko. Zaidi ya hayo, dereva au mpakiaji aliyeahidi jambo kwa Kiswahili ana haki ya kuisoma ahadi yake katika maneno aliyoyatumia. Pale mshirika wa nje anapohitaji nakala ya Kiingereza, na iandaliwe, lakini inayotiwa sahihi iwe ile ambayo wote waliokuwepo wanaweza kuisoma na kuipinga.

Kundi la WhatsApp linafaa kwa ilani, kwa kutuma ajenda, na kwa kukumbusha. Halifai kuwa jalada. Uamuzi uliopitishwa kwa ujumbe wa sauti usiku, kati ya salamu za Ijumaa na picha za harusi, uingizwe kwenye kikao kinachofuata ili uthibitishwe na kuandikwa, la sivyo baada ya miezi mitatu hakuna atakayeupata. Kumbukumbu zilizothibitishwa mimi huzichapisha, mwenyekiti na katibu wakatia sahihi na tarehe, zikapewa nambari za kurasa zinazoendelea tangu mwanzo wa mwaka na kuwekwa kwenye faili moja ofisini, nakala yake ikihifadhiwa kwenye kompyuta. Marekebisho yakipitishwa katika kikao cha uthibitisho, huandikwa katika kumbukumbu za kikao hicho kipya na kutiwa sahihi pembeni mwa zile za zamani. Ukurasa uliokwisha kutiwa sahihi haubadilishwi wala hauchapishwi upya.

Mwisho, katibu asiwe mtu mmoja wa kudumu. Katika ofisi yetu siku hizi kila mtu huandaa ajenda na kuandika kumbukumbu kwa zamu ya mwezi mmoja, isipokuwa mwenyekiti, na wale waliopitia zamu hiyo sasa huleta vipengele vyao vikiwa tayari vimeandikwa kwa njia ya swali.